Mita Ishirini na Tano Baada ya Plasta

Mgongo wangu ulianza kuuma msimu wa zabibu za Agosti, na kwa miezi minne nilimdanganya kila aliyeniuliza. Ofisini nilisema ni kiti. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na kiti changu kilikuwa kibovu kweli, kwa hiyo waliniamini. Nyumbani Mkonze nilisema ni ndoo za maji. Kanisani nilisema ni uzee, nikacheka, nami nilikuwa na miaka thelathini na saba.

Nayaandika haya vidonge vikiwa vimekwisha na picha ya mwisho imekuwa nzuri, kwa ajili ya yule anayedanganya hivi leo. Ugonjwa unavyofanya kazi utaelezwa na daktari wako. Mimi nitaeleza hofu, maana hiyo hakuna aliyenieleza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Majengo yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashuka kwa marobota, na wakati huohuo maofisi yakawa yanapunguza watu. Mume wangu, Baba Nyemo, alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Shirika likauzwa, naye akarudi nyumbani mchana kweupe, akakaa uani bila kuvua viatu. Baadaye akakodi kipande cha shamba la zabibu kule Makutupora. Lakini zabibu zina misimu, na mshahara wangu ulikuwa wa kila mwezi. Niliona mtu wa namna yangu hana ruhusa ya kuugua.

Magauni yakaanza kunipwaya. Jioni joto lilinipanda, asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Aliangaliwa tu, kisha watu wakaangaliana.

Desemba, mvua za kwanza zilipoanza, nilikwenda Majengo kununua uwele. Niliinama kwenye gunia, nikachota kiganja nikanusa kama haujavunda. Nilipotaka kuinuka, miguu haikuja. Haikuuma, ila sikuisikia kabisa. Nilikaa chini pale katikati ya magunia, na muuzaji akaniuliza, "Mama, vipi tena?"

"Nimeteleza," nikasema. Hata hapo nilidanganya.

Baba Nyemo alinipeleka hospitali nimekaa kwenye keria ya baiskeli, yeye akisukuma. Tulisubiri kwenye korido tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane. Kila mlango ulipofunguliwa watu wote kwenye benchi waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha. Pembeni yangu alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akimenya karanga na kunipa moja moja bila kusema neno. Nilizila zote. Mpaka leo sijui jina lake, na sijawahi kumsahau.

Daktari alikuwa kijana. Aliinua picha ya eksirei ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona hapa? Pingili mbili zimeliwa."

"Zimeliwa na nini?"

"TB."

"Daktari, mimi sikohoi."

"TB ya mgongo haikohoi, mama."

Nikamuuliza kama nitapooza. Aliishusha picha taratibu. "Umechelewa. Lakini vidole vya miguu unavichezesha bado. Tutaanza leo." Kisha akaongeza kwamba watapima na damu. Hakusema inapimwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Baba Nyemo alitazama sakafu.

Nililazwa, na majibu ya damu yalichukua wiki mbili. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini kumtunza Nyemo, binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nikakuta nimetengewa kikombe cha bluu na sahani ya bati.

"Usinichukie, mkwe," aliniambia. "Mimi nina mjukuu humu."

Sikumchukia. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Aliyeniumiza ni Baba Nyemo, maana tangu siku ile ya damu alihamia Makutupora. Alisema ni mizabibu inataka kupigwa dawa. Alituma mboga, alituma salamu, yeye mwenyewe hakuja. Niliwajua wenzangu kadhaa walioachwa hivyohivyo, taratibu, kwa visingizio vya kazi.

Damu ikatoka safi. Nesi aliniambia mlangoni mwa chumba cha sindano, kwa sauti ya chini, kana kwamba hata habari njema inaweza kuchafuka ikisikika. Nilimtumia mume wangu ujumbe kwa mtu wa lori la zabibu, naye akafika Jumamosi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Nyemo, nilikuwa kule nahesabu," alisema.

"Unahesabu nini?"

"Zile safari za shirika. Shinyanga. Mwanza. Nilidhani ni mimi niliyekuletea. Nilikuwa nasubiri kusikia kwamba nimekuua."

Nilikuwa nalia kwa shukrani na nilitaka kumrushia kikombe cha bluu, yote mawili kwa pamoja. Damu yangu ilikuwa imelisafisha jina lake, naye papo hapo akalichafua kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwenda kupima na yeye. Yake pia ikawa safi. Baada ya hapo akarudi nyumbani, akawa ananiosha miguu kila jioni kabla ya chakula, na ilipita miezi kabla sijaweza kumwangalia akiinama pale bila kuwaza Shinyanga. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa huulizwa habari za vidonge tu, na ndani ya nyumba kuna mengine yanayotaka kupona pia.

Sindano zilipangwa kuwa za kila siku kwa miezi miwili. Na tangu Januari nilivaa plasta, toka kwapani hadi nyongani, kama gunia la saruji lililogandia mwilini, katika joto la Dodoma. Kuwashwa kwake sitakueleza. Nyemo alichonga kijiti cha ufagio, akawa ananikuna kwa kukipitisha ndani huku akinisomea daftari lake la historia. Siku moja sungusungu aliingia humo. Tulicheka sote watatu, hata mama mkwe, mpaka tukatoa machozi, na nilipomaliza kucheka nilikuta wale wawili wanalia kweli.

Baada ya sindano arobaini na kitu masikio yalianza kulia, yakalia kama redio iliyopotea stesheni. Kisha sakafu ikawa inabonyea kila nikikanyaga, kama kitanda cha kamba kilicholegea. Daktari aliposikia alisitisha sindano, akaendelea na vidonge. Alinieleza kwamba dawa imeumiza kile kitu cha ndani ya sikio kinachomwambia mtu kwamba amesimama wima. Huenda kingerudi, huenda kisirudi. Nikiwa nimefumbua macho niliweza kujisaidia kwa kuona. Nikifumba, nilianguka. Kanisani wakati wa maombi nilifumba macho kwa mazoea, nikayumba, nikaangukia benchi la mbele. Akina mama wakaanza kuimba wakidhani nimeshukiwa na Roho.

Plasta ilikatwa mwezi wa tano. Nyemo alinishikia kioo kidogo mgongoni na kingine nikakishika mbele. Nikakiona kibiongo. Kilikuwa katikati ya mgongo, kimechongoka kama kiwiko kilichokunjwa. Niliviweka vioo vyote viwili chini, na tangu siku hiyo nilijitanda khanga mabegani, jua liwake lisiwake.

Hapo ndipo nikakutana na Bi Mwana. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwenyeji wa Tanga, mama wa makamo mwenye vicheko vya karibu. Aliniona ninavyokokota miguu, akasema, "Mama Nyemo, wewe nchi kavu inakuonea. Twende majini, maji yatakubeba."

"Bi Mwana, mimi Mgogo. Maji nayajua ya kwenye ndoo."

"Basi utayajua na mengine."

Nje kidogo ya mji kulikuwa na chuo chenye bwawa la kuogelea, na mkuu wake alikuwa amemruhusu kuwaleta wagonjwa wachache, jioni tatu kwa wiki. Nguo ya kuogelea nilipata kwenye mitumba Majengo, rangi ya samawati, ina nembo ya shule ya ng'ambo kifuani. Nyuma ilikuwa wazi. Nilishona kitambaa kufunika kibiongo, kikawa kinajaa maji na kuvimba, nikaonekana nina viwili. Nikakifumua.

Siku ya kwanza Bi Mwana alinishika kiunoni kwenye kina kifupi, akaniambia niweke uso majini. Nikaweka. Nikafumba macho, kama mtu yeyote angefanya. Na dunia ikapotea. Nchi kavu nikianguka angalau nyayo zinagusa kitu. Mle sikujua kichwa kiko wapi. Nikasema moyoni, panda juu, nikapiga miguu kwa nguvu zangu zote, na paji la uso likagonga vigae vya chini.

Alinivuta kwa kwapa. "Wee! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Juu," nikasema, nikitapika maji.

Bi Mwana hakucheka. Aliniuliza habari za sindano, akaniuliza habari za masikio. Kisha akanivua khanga niliyokuwa nimeshaivaa na kunishika mabega.

"Sikiliza. Masikio yako hayatakwambia ukweli humu ndani. Macho yako ndiyo yatakwambia. Usiyafumbe kamwe. Chini kuna mstari mweusi, unauona? Ule ndio ardhi yako. Na mimi nikiwa sipo, usiingie."

Aliniletea miwani ya kuogelea ya mpwa wake. Nikajifunza kuuangalia ule mstari kama mtoto anavyomwangalia mama yake sokoni. Septemba niliweza kuelea. Novemba nilivuka upana wa bwawa. Miguu iliyokufa kwenye magunia ya uwele ikawa inapiga maji, na nikitoka nje nilitembea vizuri zaidi kuliko nilivyoingia. Lakini usidhani hofu iliisha. Kila jioni nikivua nguo kwenye kile chumba cha kubadilishia, nilizikunja moja moja ili nichelewe. Nilikwenda chooni mara tatu kabla ya kuingia majini. Niliingia hivyohivyo.

Januari nilimeza kidonge cha mwisho. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilikaa na kile kikopo kitupu mkononi nikiwaza kwamba tangu sasa hakuna kitu kinachonilinda. Nilianza kujipapasa mgongo kila asubuhi. Kikohozi cha vumbi kilinitoa jasho.

Mwezi huohuo ofisini zikaenea habari za orodha. Idara yetu ingepunguzwa karibu nusu. Rehema, tuliyekaa naye chumba kimoja cha taipu, aliyeniletea chakula hospitali wakati wenzangu wengine waliogopa hata kunipa mkono, aliniambia akiwa ameinamia mashine yake:

"Shoga, wanasema watatanguliza waliougua muda mrefu. Jitahidi uonekane."

"Nionekane vipi zaidi ya hivi? Niko kazini kila siku."

"Uonekane mzima."

Wiki ile ile Bwana Kimaro, katibu wetu wa michezo, alisimama mbele ya meza yangu. Baada ya Pasaka kungekuwa na michezo ya maofisi ya mji mzima, na mara hii wameongeza kuogelea, kwenye lile bwawa la chuo.

"Mama, nasikia unaogelea."

"Ni matibabu, Bwana Kimaro. Siyo kuogelea."

"Ofisi nzima hakuna mwanamke hata mmoja anayethubutu. Ni mita ishirini na tano tu, mtindo huria. Ukifika tu tunapata pointi. Mkurugenzi atakuwepo, viongozi wote watakuwepo."

Niliona uso wa mkurugenzi. Niliona na kibiongo changu mbele ya mji mzima. Nikamwambia aandike jina langu, kisha nikakosea barua iliyokuwa kwenye mashine, nikaianza upya.

Mama mkwe alipopata habari aliacha kusonga ugali. "Kuogelea? Mgogo gani anaogelea? Umetoka kaburini juzi, sasa unalifuata majini!" Mlenda ukaungua. Jioni ile hakusema na mtu. Lakini kesho yake nilikuta amenichemshia mayai mawili, akayaweka kwenye sahani ya kawaida, ya watu wote. Ile ya bati sikuiona tena.

Tulijiandaa majuma kumi na moja. Bi Mwana alikuwa na saa ya mkononi ya kiume, akawa ananipima. Kupiga mbizi kutoka ukingoni alinikataza kabisa. Aliomba kwa waandaaji nianzie ndani ya maji nimeshika ukuta, wakakubali. Bwawa zima nilivuka kwa mikono thelathini na minne. Nilihesabu nikitembea, nilihesabu nikichapa. Baba Nyemo akawa anaendesha baiskeli kutoka Makutupora kila Jumatano, anafika ana vumbi hadi kope, anasimama ukingoni na mwanzi mrefu wa kunivulia nikizama. Yeye hajui kuogelea kabisa. Alitembea sambamba nami, hatua kwa hatua, mwanzi umeelekezwa majini. Sikumwambia kwamba nauona ule mwanzi kwa pembe ya jicho, na kwamba unanisaidia. Bado nilikuwa na hasira yangu, nayo sikutaka aione inapungua.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Nilifika asubuhi, nikaenda moja kwa moja kuangalia maji.

Yalikuwa ya kijani. Kwa wiki mbili mgao wa maji ulikuwa umebana mji, na mashine ya kuchujia bwawa ilikuwa mbovu. Watoto wa chuo walikuwa wameogelea humo humo. Nilichuchumaa ukingoni nikatazama chini. Sikuona vigae. Sikuona mstari.

Bi Mwana alikuja nyuma yangu, akatazama, akanishika mkono. "Mama Nyemo, leo usiingie."

"Orodha inatoka, Bi Mwana."

"Orodha haizamishi mtu."

"Nikiondoka sasa hivi, kila mtu atauliza kwa nini, na jibu ni kwamba naumwa."

Watu walikuwa wameanza kujaa, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye majani. Mkurugenzi wetu alikuwa mstari wa mbele, amevaa kofia ya pama, anakunywa soda. "Basi shika upande wa kamba inayotenga njia," alisema Bi Mwana mwishowe. "Njia ya pembeni, karibu nami. Ukipotea, acha kupigana na maji. Umenisikia? Usipigane."

Tulikuwa wanawake watano. Wanne walikuwa wasichana wa vyuo na wizara, wenye mabega. Nilipovua khanga nilisikia kimya kikipita kwenye viti, kisha mnong'ono. Nikashuka ngazi upande wa kina kirefu, nikashika ukuta. Meno yalikuwa yanagongana na jua lilikuwa kali.

Firimbi ikalia.

Mikono kumi ya kwanza sikumbuki. Nilikuwa nahesabu, na kijani kilikuwa mbele, na kijani kilikuwa chini. Wa kumi na moja niligeuza kichwa kuvuta hewa, wimbi la msichana wa njia ya pili likanipiga mdomoni, nikameza, nikakohoa nikiwa ndani. Hapo nikapotea. Rangi ilikuwa moja kila upande. Nilinyoosha mkono kutafuta kamba, haikuwepo. Masikio yangu yaliniambia nimesimama wima. Nikapiga miguu, na maji yakawa baridi zaidi, nikajua nashuka.

Nataka niseme ukweli juu ya dakika hiyo, ingawa labda haikufika dakika. Sikumwona Nyemo, sikuomba. Niliwaza tu kwamba mama mkwe alisema, na nikakasirika kwamba atakuwa amesema kweli.

Kisha nikaacha kupiga. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimechoka. Hewa ikanitoka puani, na nikasikia mapovu yakipita shavuni, yakapanda kupitia sikio la kushoto, yakaenda zake. Mapovu hayana sindano. Yanajua juu ni wapi. Nikageuza uso kuyafuata, nikanyoosha mkono yalikokwenda, na mkono ukatoka kwenye jua.

Nikalala chali. Nikavuta hewa kwa sauti mbaya, ya ng'ombe. Mbingu ilikuwa pale juu, nyeupe, na ilikuwa juu kweli. Nilisikia watu wakipiga kelele, na katikati ya kelele hizo sauti ya Bi Mwana:

"Huria ni huria! Njoo hivyohivyo! Njoo na mgongo!"

Nikaja na mgongo. Sikuthubutu kugeuka tena. Nilirusha mkono mmoja, kisha mwingine, macho yamekodolea angani, na kila mkono wa kulia uliposhuka niligusa kamba kuhakikisha ipo. Sikuhesabu. Nilijua nimefika kichwa kilipogonga kitu, nacho kilikuwa laini. Lilikuwa tumbo la Baba Nyemo. Alikuwa amesimama kwenye kina kifupi, maji kiunoni, na suruali yake ya Jumapili na viatu. Mwanzi wake ulikuwa unaelea mbali.

"Gusa ukuta," alisema. "Mama Nyemo, gusa ukuta kwanza."

Nikapitisha mkono ubavuni mwake, nikagusa. Ndipo nikamshika shingoni, mbele ya mkurugenzi na mji mzima, nikatetemeka mpaka akatetemeka na yeye.

"Viatu vyako," nikasema.

"Vitakauka."

Waamuzi walibishana kidogo juu ya mgongo wangu, yaani mtindo wa mgongo, kisha wakasema huria ni huria kweli, na Baba Nyemo hakunishika kabla sijagusa ukuta. Nikapewa nafasi ya tano kati ya watano, na pointi ya Bwana Kimaro. Orodha ilitoka Julai. Jina langu halikuwemo. Jina la Rehema lilikuwemo, yeye ambaye sikumbuki kumwona akiumwa hata mafua. Sijui kama kuogelea kulinisaidia, na sikuthubutu kuuliza. Nilimsaidia kubeba vitu vyake hadi kituoni.

Lakini siku ile ya bwawa, nikiwa chumba cha kubadilishia, nimeinama nakamua nywele, niliona kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa Skola, dada anayefagia pale chuoni, msichana wa miaka ishirini na kitu. Nilivuta khanga haraka nijifunike.

"Dada, samahani," alisema. "Huo mgongo ulizaliwa nao?"

"Hapana. Niliugua."

Akaweka ufagio chini, akageuka, akabonyeza kwa kidole gumba chini kidogo ya mabega yake. "Mimi nasikia hapa. Tangu Krismasi. Nawaambia ni ufagio."

Nilisikia baridi kuliko ya kwenye maji. Nilitaka kuondoka. Kweli, nilitaka kuvaa na kurudi nyumbani, kwa sababu niliposikia sauti yake nilijisikia mwenyewe kwenye korido ile, na nilikuwa nimejiapiza sitakanyaga tena mle bila kuitwa. Badala yake nikamwambia asogee. Nikampapasa kwa kidole, pingili moja moja, na ya sita au ya saba ilimfanya aumeze mlio. Naye akaniomba aone changu. Nikaishusha khanga. Aliweka kiganja chote juu ya kibiongo, akakiacha hapo.

"Hakiumi?"

"Hakiumi tena."

Jumatatu niliomba ruhusa ofisini. Jumanne tulifika hospitali saa moja na nusu, Skola amevaa gauni lake zuri, mimi mikono imelowa jasho kama ya mgonjwa mpya. Foleni ilikuwa imeshakunja kona. Alikuwa ananiuliza mambo, sindano ni ngapi, plasta inakatwaje, na mimi nikamjibu yote, hata ya masikio. Nilimwambia yakianza kulia tu amwambie daktari siku hiyo hiyo, asisubiri. Kila mlango ulipofunguka alinikamata mkono.

Saa sita na kitu nesi akatoka na cheti cha Skola, akaita jina. Skola hakusimama. Alinitazama, midomo imekuwa myeupe.

"Twende," nikamwambia, nikatangulia kusimama.